Damu iliyolala njiani: Je, nambari ya homosisteini yaweza kuaminika?

MWALIMU mmoja mstaafu kutoka Kisii ameniandikia akitaka kujua mambo mawili. Mwanawe wa umri wa miaka 29 alivimba mguu wa kushoto, na alipofikishwa hospitalini akaambiwa kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Alitibiwa, na uvimbe ukashuka. Alipokuwa bado anameza dawa za kuzuia damu kuganda, alishauriwa apimwe kitu kiitwacho homosisteini. Damu ilitolewa asubuhi, ikakaa juu ya meza hadi gari la kuipeleka Nairobi lilipoondoka jioni, na ikapimwa siku iliyofuata. Jibu lililorudi lilikuwa mikromoli 24 kwa lita, na kwenye karatasi iyo hiyo imeandikwa kuwa kiwango cha kawaida ni kati ya 5 na 15.

Tangu siku hiyo, asema mwalimu, nyumba yao haina usingizi. Kijana ameahirisha harusi. Tayari kuna mtu amemwuzia makopo mawili ya vidonge vya "kusafisha damu" kwa bei ambayo mzee hakupenda hata kuitaja.

Swali lake la kwanza ni iwapo nambari hiyo yaweza kuaminika. La pili, kwa nini hakuna mashine ndogo ya kupima kitu hiki papo hapo, kama ile anayotumia yeye mwenyewe nyumbani kupimia sukari?

Nitaanza na la pili, kwa sababu ukilielewa hilo, msomaji, la kwanza litajijibu lenyewe.

Homosisteini ni masalio. Kila unapokula maharagwe, nyama, mayai au samaki, mwili hupata asidi amino iitwayo methionini. Mwili ukishaitumia methionini kwa kazi zake, kinachobaki ni homosisteini, na haitakiwi kukaa sana. Ama hurudishwa kuwa methionini kwa msaada wa foleti na vitamini B12, au hugeuzwa kuwa sisteini kwa msaada wa vitamini B6. Vitamini hizi zikipungua, au figo zikilegea, au tezi ya shingoni ikafanya kazi kwa uvivu, masalio hayo hurundikana katika damu.

Homosisteini ni ya ukoo mkubwa wa kemikali unaoitwa thioli. Alama ya ukoo huu ni chembe ya salfa iliyoshikana na chembe ya haidrojeni. Ukoo huu unaufahamu kwa pua. Harufu ya nywele zinazoungua hutokana na salfa iliyo katika sisteini ya nywele. Dawa iliyotumiwa kutengeneza ule mtindo wa nywele za mawimbi zilizolowa mafuta, uliovuma mijini miaka ya 1980, nayo ilikuwa thioli, na waliokaa saluni siku hizo wataikumbuka harufu yake.

Sisteini ilianza kujulikana kupitia ugonjwa. Mwaka 1810 daktari Mwingereza, William Hyde Wollaston, alichunguza jiwe lililotolewa katika kibofu cha mkojo na kukuta ni la aina ambayo haikujulikana. Jiwe hilo lilikuwa sistini, yaani sisteini mbili zilizoungana kwa salfa zao. Mpaka leo wako watu wanaozaliwa na kasoro ya figo inayowafanya watoe mawe ya aina hiyo tangu ujanani.

Ndugu wa tatu katika ukoo huu ni glutathioni, iliyopewa jina hilo na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge mwaka 1921. Hii ndiyo mlinzi wa chembechembe za mwili, hasa za ini. Nitairudia hapo chini, maana ndiyo inayouzwa kwa udanganyifu mwingi zaidi.

Elektroni

Mashine ya sukari hufanyaje kazi? Watu wengi hudhani kwamba kile kijikaratasi, au stripu kama tunavyoiita, hubadilika rangi na mashine ikaisoma rangi hiyo. Zamani ilikuwa hivyo. Stripu nyingi za sasa hupima umeme. Ndani yake mna kistari cha kaboni, ndicho elektrodi, na juu yake pamepakwa kimeng'enya kinachoijua sukari tu. Kimeng'enya hunyang'anya sukari elektroni zake, kemikali nyingine huzibeba hadi kwenye kaboni, na mashine huzihesabu zinapopita. Sukari ikiwa nyingi, elektroni huwa nyingi.

Wazo hilo lilitolewa na Leland Clark na mwenzake Lyons huko Marekani mwaka 1962, na mashine ya kwanza ya nyumbani ya namna hiyo, yenye umbo la kalamu, ilianza kuuzwa mwaka 1987. Kwa hivyo ilichukua miaka 25 kutoka maabara hadi mfukoni mwa mgonjwa. Nataja jambo hili kwa sababu magazeti yetu hutangaza kila mara kwamba kipimo kipya "kimegunduliwa", na mgonjwa akaanza kukiulizia katika duka la dawa Jumatatu inayofuata.

Thioli nazo hutoa elektroni. Salfa mbili zikikutana hushikana mikono, na katika kushikana huko huachilia elektroni. Kama ni hivyo, si tuweke waya katika damu tuhesabu?

Jaribio hili lilianza mbali. Mwaka 1922, mjini Prague, Jaroslav Heyrovský alivumbua njia ya kupima kemikali kwa kutumia tone la zebaki linaloning'inia kwenye mrija mwembamba. Kila baada ya sekunde chache tone huanguka na jingine safi kuchukua nafasi yake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Mwenzake katika mji huo, Rudolf Brdička, aligundua mwaka 1933 kwamba akitia chumvi ya kobalti katika majimaji ya damu, protini zenye salfa huchora wimbi la pekee katika mashine hiyo. Tena wimbi hilo lilibadilika katika damu ya wagonjwa wa saratani. Kufikia mwaka 1937 alikuwa akilieleza kama kipimo cha saratani.

Hebu fikiria matumaini yaliyozuka. Lakini madaktari walipoendelea kupima watu, waliona wimbi hilo likibadilika pia kwa wagonjwa wenye maambukizi na uvimbe wa aina nyingine kabisa. Mashine haikukosea hesabu hata kidogo. Ilihesabu salfa kwa uaminifu. Ni binadamu waliotaka salfa iseme jambo ambalo haikulijua.

Kobalti

Zebaki ni sumu, na hakuna anayetaka kutembea nayo mfukoni. Wanakemia waligeukia kaboni, ile ile ya ndani ya penseli. Mwaka 1958 Ralph Adams wa Marekani alikanda unga wa grafiti kwa mafuta, kama mtu akandavyo unga wa chapati, akapata elektrodi ya bei nafuu ambayo uso wake ukichafuka hukwanguliwa ukawa mpya.

Shida ni kwamba thioli ni bahili mbele ya kaboni tupu. Haitoi elektroni mpaka isukumwe kwa umeme wa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu hiyo, vitu vingine vilivyo katika damu, kama vitamini C na asidi ya mkojo, hutoa zao pia. Unabaki na kelele za soko zima.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuitia elektrodi dawa. Mwaka 1985, Halbert na Baldwin, waliokuwa Louisville, Marekani, walichanganya katika ule unga wa kaboni kemikali ya buluu iitwayo kobalti thalosianini. Hii ni kemikali yenye umbo la pete, na katikati ya pete kumekaa kobalti. (Ndugu yake mwenye shaba katikati ndiye rangi ya buluu inayotumika katika wino na rangi za kupaka nyumba.) Kobalti hiyo hushika salfa ya thioli, hupokea elektroni na kuipitishia kaboni, hivi kwamba msukumo mdogo wa umeme watosha. Sisteini, homosisteini na glutathioni, zote zikaonekana.

Kinachonifurahisha mimi kama daktari ni kwamba mwili wetu ulitangulia. Vitamini B12 nayo ni pete yenye kobalti katikati, na moja ya kazi zake ni kushughulika na homosisteini iyo hiyo.

Kazi hii haikubakia ng'ambo. Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho, ameongoza kwa miaka mingi utafiti wa thalosianini katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na miongoni mwa kazi za kundi lake ni elektrodi za kaboni na dhahabu zilizopakwa kemikali hizo ili kupima sisteini na nduguze. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake wanasayansi. Wengine duniani wametumia vumbi la dhahabu, nyuzi nyembamba za kaboni, vimeng'enya na mengineyo mengi.

Sasa msomaji utauliza, basi mashine iko wapi?

Iko kwenye maji safi ya maabara, ambako hufanya vizuri sana. Ikiingizwa katika damu mambo hubadilika. Kwanza, elektrodi hiyo hutambua salfa, haitambui majina. Homosisteini inatofautiana na sisteini kwa chembe moja tu ya kaboni na haidrojeni zake, na katika damu ya mtu wa kawaida sisteini huwa zaidi ya mara 20 ya homosisteini. Ni sawa na kutafuta sauti ya mtoto mmoja uwanjani Nyayo siku ya mechi.

Pili, homosisteini nyingi imejificha. Ni takriban asilimia moja tu iliyo huru katika damu. Sehemu kubwa imeshikamana na protini iitwayo albumini, salfa kwa salfa, na sharti ikatwe kwa kemikali kabla ya kuhesabiwa. Tena salfa na protini hung'ang'ania uso wa elektrodi kama masizi kwenye sufuria, na kila kipimo huwa hafifu kuliko kilichotangulia. Ndiyo sababu maabara kubwa hutenganisha kwanza thioli moja moja kwa mashine maalumu kisha ndipo huzipitisha kwenye elektrodi, au hutumia njia nyingine ya vimeng'enya na kingamwili. Hiyo si kazi ya mashine ya mfukoni.

Chupa mezani

Sasa turudi kwa ile chupa iliyokaa mezani Kisii.

Chembechembe nyekundu za damu huwa hai hata baada ya kutolewa mwilini. Ndani ya chupa huendelea kutengeneza homosisteini na kuimwaga nje. Damu ikiachwa katika joto la kawaida bila kutenganishwa, kiwango hupanda kwa kadiri ya asilimia 10 kila saa katika saa za mwanzo. Mtu aliyetolewa damu akiwa na 13, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, aweza kupokea karatasi yenye 20 na zaidi bila ya ugonjwa wowote kuongezeka mwilini mwake. Mgonjwa ni chupa.

Damu ya kipimo hiki yapasa kuwekwa kwenye barafu mara itolewapo, na kuzungushwa kwa mashine ili chembechembe zitengwe, ikiwezekana katika muda wa saa moja. Ikishatengwa, majimaji yanayobaki hustahimili safari ya siku kadhaa. Kwa hivyo swali la kuuliza kabla ya kulipa si "mashine yenu ni ya kisasa?" bali "damu yangu itazungushwa hapa au itasafiri hivi hivi?" Anayekutoa damu asipokuwa na jibu, bakia na pesa zako.

Kwa maoni yangu basi, mwalimu, ile 24 haina uzito, na haikustahili kuahirisha harusi.

Hata kama ingekuwa kweli, ingetusaidia nini? Mwaka 1969, Kilmer McCully wa Boston alitoa hoja kwamba homosisteini huharibu mishipa ya damu. Aliona mishipa iliyoharibika vibaya katika miili ya watoto waliozaliwa na kasoro ya kurundika kitu hiki, ugonjwa uliokuwa umeelezwa mara ya kwanza mwaka 1962. Wagonjwa hao huwa na zaidi ya 100, si 24. Mara nyingi huwa warefu, wembamba, lenzi ya jicho hutoka mahali pake, na damu huganda wakiwa wadogo. Karibu nusu yao hupata nafuu kwa vitamini B6. Kwa mtoto wa namna hiyo kipimo hiki chaweza kuokoa maisha, nami ningekiagiza bila kusitasita.

Kwa sisi wengine hadithi ni tofauti. Ilionekana kwamba wenye homosisteini ya juu kidogo hupata magonjwa ya moyo na kiharusi zaidi, na ikadhaniwa kuwa ukiishusha kwa vitamini utawakinga. Mwaka 2006 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, moja ya Norway yenye wagonjwa 3,749 na nyingine iliyoitwa HOPE-2 yenye wagonjwa 5,522. Vitamini zilishusha nambari vizuri. Mashambulizi ya moyo na vifo havikushuka. Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa watu waliowahi kuganda damu kama kijana wetu. Nao walipewa vitamini, nayo damu ikaendelea kuganda kwa waliopewa sawa na kwa wasiopewa. Upande wa kiharusi kuna faraja kidogo. Nchini China, utafiti wa mwaka 2015 wa watu 20,702 wenye shinikizo la damu ulionyesha kwamba asidi foliki ikiongezwa kwa dawa ya presha hupunguza kiharusi cha kwanza. Lakini vyakula vya China havikuwa vimeongezwa asidi foliki. Hapa kwetu sheria imetaka tangu mwaka 2012 unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe asidi foliki na vitamini B12. Anayekosa ni yule asagaye mahindi yake kwenye kinu cha kijijini, naye maharagwe, ndengu, terere na managu vitamsaidia katika foleti. B12 haipatikani katika mboga. Iko katika nyama, maziwa, mayai na omena.

Kijana aendelee na dawa yake ya kuzuia damu kuganda kama alivyoagizwa, asiiache kwa ajili ya vidonge vya makopo. Akitaka uhakika, apimwe B12, figo na tezi, vipimo ambavyo kila kimoja kina tiba yake kikionyesha kasoro. Asinunue asidi foliki peke yake kwa wingi kabla ya kujua B12 yake, kwani foleti yaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimya kimya. Onyo hilo linakuhusu pia wewe unayetumia metformin kwa sukari kwa miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo hupunguza B12. Miguu ikianza kufa ganzi usikimbilie kuilaumu sukari peke yake.

Ini

Kuhusu vile vidonge vya "kusafisha damu", karatasi aliyonitumia mwalimu inasema ni glutathioni.

Kazi ya glutathioni ni ya kweli. Ukimeza parasetamoli, sehemu ndogo yake hugeuka sumu ndani ya ini, na glutathioni huikamata kabla haijadhuru. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na ndiyo sababu nawasihi wasomaji wasome maandishi ya dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani na mtu hujikuta amemeza mara mbili. Aliyezidisha apelekwe hospitalini upesi hata kama hajisikii vibaya, kwani siku ya kwanza huwa ya udanganyifu. Dawa yake ni asetilisisteini, ambayo ni ile sisteini yetu iliyovikwa koti, nayo mwili huitumia kutengeneza glutathioni mpya. Ikianzishwa katika saa nane tangu dawa kumezwa, hulinda ini vizuri mno.

Lakini glutathioni yenyewe ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwa tumboni kama protini ya maharagwe. Wala hakuna kipimo cha tone la damu kitakachokuonyesha ini lako limebakiwa na glutathioni kiasi gani, kwa sababu ile inayoonekana katika damu ni ya chembechembe nyekundu. Anayekuuzia kipimo na kidonge kwa pamoja amejipatia wateja wawili katika mtu mmoja.

Baya zaidi ni wale wanaodungwa glutathioni kwenye mshipa ili wawe weupe. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo dhidi ya sindano hizo mwaka 2011. Mara nyingi huchanganywa na vitamini C kwa wingi, na hapa mwenye kisukari awe macho kabisa. Nilisema kwamba vitamini C humwaga elektroni zake kwenye elektrodi. Ikiwa nyingi katika damu, baadhi ya mashine za nyumbani huzihesabu elektroni hizo kana kwamba ni za sukari, nambari ikapanda, na mgonjwa akajidunga insulini asiyoihitaji. Vidonge vichache vya vitamini C vya kutafuna havina neno kubwa. Ila ukiwa umetundikiwa chupa yenye vitamini C, kwa sababu yoyote ile, mwambie daktari kabla ya kupima kwa stripu, na sukari yako ipimwe katika maabara mpaka dawa hiyo itoke mwilini.